Klabu ya ndege kanda ya dhahabu: Kikwazo si bei ya ndege, ni daftari la hesabu

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

WAKAZI wa Shinyanga na Geita si wageni wa ndege. Wamekuwa wakiziona zikitua Mwadui, Ibadakuli, Buzwagi, kwenye mgodi wa Geita, na katika miaka ya karibuni Chato, ambako imejengwa njia ya kurukia yenye urefu wa kilometa tatu. Wamezoea pia kuona kwamba anayeshuka na anayepanda ni mtumishi wa mgodi, kiongozi wa serikali, au abiria aliyekata tiketi ya shirika.

Jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha ni lile la ndege inayomilikiwa na wananchi wenyewe. Je, inawezekana daktari wa Kahama, mfanyabiashara wa dhahabu wa Geita, wakili wa Shinyanga mjini na kijana aliyemaliza kidato cha sita akiwa na ndoto ya urubani, wakachanga fedha, wakanunua ndege moja ndogo na kuiendesha kama chama chao?

Jibu la haraka ambalo wengi watalitoa ni kwamba ndege ni ghali. Jibu hilo lina ukweli, lakini linaficha ukweli mkubwa zaidi. Duniani kote ndege ndogo zilizotumika hununuliwa kila siku na watu wasio matajiri wa kutisha, kwa kuchangiana. Linaloziangusha klabu za namna hiyo kwa kawaida si bei ya kununulia, bali yanayofuata baada ya kununua: nani anaruka lini, nani analipa nini, na fedha ya kutengeneza injini inakaa wapi hadi siku itakapohitajika. Ni suala la ushirika, na katika suala hilo Kanda ya Ziwa ina historia ndefu kuliko inavyopenda kukumbuka.

Tukianza na viwanja vyenyewe, mwaka 1931 huduma ya ndege za barua ya kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways kutoka London ilipoanza safari zake kuelekea Afrika Mashariki, mwisho wa safari ulikuwa Mwanza. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, na mgodi wake ukazaa mji kamili wenye hospitali, shule na uwanja wake wa ndege. Dhahabu ilipochukua nafasi, mgodi wa Bulyanhulu na ule wa Geita iliyoanza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilileta sura mpya ya usafiri wa anga katika ukanda huu.

Viwanja hivyo vina sifa moja inayofanana: vingi vilizaliwa na madini, na uhai wake umefungwa kwenye uhai wa madini. Mgodi wa Buzwagi, nje kidogo ya mji wa Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukafikia ukomo wa uchimbaji mwaka 2021. Mgodi ukifungwa, mitambo huondolewa na mashimo hufukiwa au huzungushiwa uzio. Lakini njia ya kurukia ndege hubaki pale pale, ikisubiri mtu wa kuitumia. Asipopatikana, majani huota, ng'ombe huingia, na mali iliyogharimu mamilioni hurudi kuwa malisho.

Hapo ndipo klabu ya wanachama inapopata maana nje ya burudani. Uwanja wa ndege huishi kwa kutumiwa. Penye ndege mbili au tatu zinazoruka kila wiki patakuwa na fundi, patakuwa na mafuta, patakuwa na mtu wa kufyeka majani na kufukuza mifugo.

Mfano wa karibu uko Nairobi. Klabu iitwayo Aero Club of East Africa ilianzishwa mwaka 1927, wakati ndege zilikuwa za mbao na turubai. Miaka miwili baadaye, 1929, Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways katika mji huo huo. Uwanja uliokua kutokana na shughuli hizo ulipewa jina la mama huyo mwaka 1962, na hadi leo Wilson ni kitovu cha ndege ndogo katika Afrika Mashariki. Madaktari wa anga walioanza kazi mwaka 1957, ambao shirika lao leo linajulikana kama Amref, walijenga kambi yao hapo hapo.

Ni kweli kwamba klabu ile ilikuwa ya walowezi, na Mwafrika wa enzi hizo aliingia uwanjani kwa kufagia au kusukuma ndege. Hakuna sababu ya kuipamba historia hiyo. Funzo lake ni kwamba kundi dogo la watu waliokubaliana kuchangia gharama liliweza kuweka msingi ambao huduma nyingine zilikuja kuukalia. Kampuni ya Wilson Airways ilikoma mwaka 1940 kutokana na vita. Klabu ya wanachama ingalipo.

Sheria nayo haizuii. Chama cha namna hii kinaweza kusajiliwa kwa njia zaidi ya moja: kama kampuni yenye ukomo wa dhamana chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, kama chama cha kijamii, au hata kama chama cha ushirika chini ya sheria ya mwaka 2013. Ndege yenyewe husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) na kupewa alama zinazoanzia 5H. Anayetaka leseni ya rubani binafsi, kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, anatakiwa awe ametimiza umri wa miaka 17, apimwe afya na daktari aliyeidhinishwa, afaulu mitihani, na awe ameruka kwa saa zisizopungua 40, zikiwamo 10 akiwa peke yake.

Hata hivyo, leseni hiyo ina mpaka ambao katika ukanda wa dhahabu utajaribiwa mapema. Rubani binafsi haruhusiwi kulipwa kwa kuruka. Anayetaka kubeba abiria kwa nauli lazima awe na leseni ya rubani wa biashara, na kampuni yake iwe na cheti cha uendeshaji kutoka TCAA. Sasa tujiulize: mnunuzi wa dhahabu aliyechelewa sokoni Geita, mjini ambako soko la madini lilizinduliwa Machi 2019, atakapomfuata mwanachama wa klabu na kumwambia nipeleke Mwanza nitakulipa, nani atakataa? Na ikiwa mzigo alioushika haujapita sokoni kulipiwa mrabaha, nani atajua?

Klabu ikikubali mara moja tu, imekwisha. Bima ya ndege ya binafsi kwa kawaida haigharamii safari ya biashara, hivyo ajali ikitokea familia za marehemu na wanachama wenyewe watabaki na deni. Dola nayo haitakuwa na sababu ya kuendelea kuiamini klabu ambayo ndege yake imegeuzwa teksi ya dhahabu. Kwa hiyo kifungu cha kwanza cha katiba ya chama hicho kinapaswa kusema wazi kwamba ndege haikodishwi kwa nauli, na mwanachama atakayekiuka atafukuzwa bila kujali cheo chake.

Baada ya hapo tuje kwenye fedha. Gharama za ndege ziko za aina mbili. Ziko zinazolipwa ndege iruke isiruke: bima, banda, ukaguzi wa mwaka, ada za usajili. Na ziko zinazotokana na kuruka: mafuta, oili, matairi, ukaguzi wa kila saa 50 na kila saa 100, na uchakavu wa injini.

Tuchukue mfano wa hesabu, si kwa maana ya bei za soko bali kwa ajili ya kuelewa. Tuseme gharama za kudumu za ndege moja ni shilingi milioni 30 kwa mwaka. Ndege hiyo ikiruka saa 100, kila saa itabeba shilingi 300,000 kabla hata ya tone la mafuta. Ikiruka saa 300, kila saa itabeba shilingi 100,000 tu. Ndege, banda na bima ni vile vile. Kilichobadilika ni idadi ya wanachama wanaoitumia. Ndiyo maana klabu ya matajiri watano wasio na muda wa kuruka inaweza kufa, wakati klabu ya watu 30 wenye kipato cha kati na kiu ya kujifunza ikaendelea kuishi.

Hesabu ya pili ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa inahusu fedha ambayo haina kazi leo. Injini za ndege ndogo zilizoenea sana, kama zile za aina ya Lycoming zinazofungwa kwenye matoleo mengi ya Cessna 172, kwa kawaida hupangiwa kufumuliwa na kuundwa upya zikifikisha saa 2,000, au miaka 12 hata kama saa hazijafika. Tuseme kazi hiyo itagharimu shilingi milioni 100. Maana yake kila saa inayorukwa inapaswa kuweka akiba ya shilingi 50,000 kwenye mfuko wa injini.

Klabu inayoruka saa 200 kwa mwaka itaweka shilingi milioni 10 kila mwaka, na baada ya miaka 10 injini italipiwa bila mtu kuchangishwa tena. Lakini inayoruka saa 100 tu kwa mwaka itafika mwaka wa 12 ikiwa na saa 1,200 na akiba ya shilingi milioni 60. Injini itakuwa imefika kikomo cha umri, nayo fedha itakuwa pungufu kwa milioni 40. Hapo ndipo mikutano ya dharura huitwa, wanachama hutoweka, na ndege husukumwa pembeni ya uwanja hadi matairi yanaoza.

Hatari kubwa zaidi iko katikati ya safari. Mwaka wa nne, mfuko wa injini una shilingi milioni 40. Ndege inanguruma vizuri. Bima imepanda bei, mweka hazina amebanwa, na mjumbe mmoja anasimama mkutanoni na kusema: fedha hizi zimelala bure, tuziazime, tutarudisha baada ya msimu. Kila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha chama chochote nchini anaijua sauti hiyo.

Wazee wa Usukuma wanaijua zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, chini ya uongozi wa Paul Bomani, walianza kujiunga ili kuondokana na mizani ya ulaghai ya wanunuzi. Mwaka 1955 vyama vyao viliunda shirikisho la Victoria, ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika, likimiliki viwanda vya kuchambua pamba.

Ukubwa huo ulikuja na maradhi. Tume iliyoundwa na Rais mwaka 1966 kuchunguza vyama vya ushirika nchini ilibaini udhaifu wa uongozi, upendeleo katika ajira na matumizi mabaya ya fedha, na mwaka uliofuata serikali ikauchukua uendeshaji wa shirikisho hilo. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima. Viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, Shinyanga ilipata Shirecu, chama ambacho nacho kilikuja kulemewa na madeni baada ya biashara ya pamba kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994.

Mkulima aliyekopwa pamba yake alipoteza jasho la msimu, na hilo ni jambo zito. Lakini ushirika wa ndege ukila akiba yake, kinachofuata ni kishawishi cha kuahirisha ukaguzi, kuongeza saa kwenye injini iliyochoka, kuandika kwenye kitabu cha ndege kazi ambayo haikufanyika. Mahesabu mabovu ya pamba yalilipwa kwa fedha. Mahesabu mabovu ya ndege hulipwa kwa watu.

Mazingira ya ukanda huu hayana msamaha kwa uzembe wa aina hiyo. Eneo lote liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Septemba au Oktoba jua huwaka hasa. Hewa ya juu na yenye joto ni nyepesi: injini hutoa nguvu pungufu, bawa hubeba kidogo, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi kupaa. Mzigo ambao ndege ileile ingeubeba asubuhi kule Tanga unaweza kuwa hatari saa nane mchana Kahama. Ziwa nalo hutengeneza mawingu ya radi kwa kasi. Taifa halijasahau asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ya Precision Air ilipoanguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 wakapoteza maisha. Ile ilikuwa ndege ya injini mbili yenye marubani wawili wa kulipwa. Rubani binafsi mwenye saa 60 atahitaji kitu kimoja kuliko ujasiri, nacho ni mtu wa kumwambia leo huruki.

Hapa linaibuka suala la madaraka. Katika jamii yetu, mwenyekiti ni mwenyekiti hata akikosea, na mchangiaji mkubwa huitwa mheshimiwa. Klabu ya ndege haiwezi kuishi hivyo. Mkufunzi mkuu lazima awe na uwezo wa kumzuia mtu yeyote kuruka, na asiwe yeye mwenyekiti wala mweka hazina. Aliyetua vibaya na kugonga gurudumu la mbele lazima aseme siku hiyo hiyo, na katiba imlinde anayesema, kwa sababu aliyeficha ufa humwachia mwenzake kifo. Ratiba ya ndege ibandikwe hadharani, na jina la mheshimiwa lifuate foleni kama la mwanafunzi.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni anasa katika mikoa ambayo bado ina vijiji visivyo na maji safi. Hoja hiyo ni ya haki, na inajibiwa kwa sharti moja: fedha za umma zisinunue ndege ya klabu. Wanaotaka kuruka wajigharamie. Fedha ambazo migodi hutoa kwa jamii zina madarasa na zahanati za kujenga.

Wengine watasema barabara zimetosha, na kwamba tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, Geita na Mwanza zimekuwa jirani. Ni kweli, na hakuna anayedai kwamba ndege ya viti vinne itachukua nafasi ya basi. Faida yake iko kwingine, hasa kwenye mafunzo. Leseni ya rubani wa biashara huhitaji kwa kawaida saa 200 za kuruka, na kwa miaka mingi kijana wa Kitanzania aliyezitaka ilimbidi avuke mpaka, kwenda Soroti nchini Uganda, Nairobi, Afrika Kusini au mbali zaidi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kimechukua jukumu la mafunzo ya anga hapa nchini, na Shirika la Ndege la Tanzania limekuwa likiongeza ndege tangu 2016. Klabu ya mkoani haiwezi kuwa chuo, lakini inaweza kumpa kijana saa zake 40 za mwanzo karibu na kwao, na kumwonesha mapema kama kazi hiyo inamfaa kabla mzazi hajauza nyumba.

Basi nini kifanyike? Kwa upande wa serikali, jambo moja linatosha kuanzia. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na kanuni zake zinautaka mgodi mkubwa kuwa na mpango wa ufungaji. Mpango huo useme waziwazi njia ya ndege itabaki mikononi mwa nani, na kwa masharti gani ndege ndogo za wananchi zitaruhusiwa kuitumia. Uwanja wa Ibadakuli, ambao uko kwenye mradi wa kuboresha viwanja vya mikoani kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya pamoja na vya Tabora, Kigoma na Sumbawanga, nao utengewe kona ya ndege ndogo, badala ya kujengwa kana kwamba watumiaji wake watakuwa mashirika pekee. Mafuta pia yafikiriwe. Injini hizi ndogo hutumia petroli maalumu ya ndege, na si mafuta ya taa yanayotumiwa na ndege za mashirika.

Kwa upande wa wananchi, mwanzo usiwe ndege. Uwe daftari. Watu 20 au 30 waanze kwa kuweka akiba kila mwezi kwa miaka miwili, wakisoma nadharia ya urubani jioni, wakaguliwe hesabu na mkaguzi wa nje, na watakaoshindwa kulipa waondoke mapema kabla hawajawa mzigo. Kisha wakodi ndege kabla ya kununua. Mfuko wa injini uwekwe kwenye akaunti ambayo haifunguliki bila saini ya mdhamini asiye kiongozi na bila ankara ya fundi mwenye leseni.

Haya si mageni kwa watu wa huku. Ukanda huu ndio uliozaa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, walinzi wa jadi waliojipanga wenyewe wakati wizi wa ng'ombe ulipozidi, bila kusubiri bajeti ya mtu. Ndio unaoendesha vikundi vya kuweka na kukopa katika kila mtaa wa Kahama na Geita, ambako mama muuza dagaa hajawahi kukosa zamu yake ya kuchangia. Uwezo wa kuaminiana upo. Ambacho hakijathibitishwa ni uwezo wa kuaminiana kwa miaka 10 juu ya fedha nyingi ambayo haiguswi.

Huo ndio mtihani. Siku kundi la wakazi wa ukanda wa dhahabu litakapoweza kuiacha fedha ya injini ilale muongo mzima, mwenyekiti akiitamani na kuiacha, mweka hazina akiiona na kuipita, kundi hilo litakuwa tayari kununua ndege. Likinunua kabla ya hapo, litakuwa limenunua chuma chakavu cha kesho kwa bei ya leo.